Marehemu hawezi kukupangisha: karatasi za kuweka wageni nyumbani Moshi, na ipi ianze

Nilikuwa mgumu kwa miaka kumi na moja. Kwa asiye wa huku, mgumu ndiye anayepanda Kilimanjaro na hema, sufuria na begi la mgeni, kilo 20 kichwani, na anafika kambini kabla ya mgeni mwenyewe. Mwaka 2021 magoti yaligoma. Nikarudi Rau kwenye nyumba aliyoijenga baba, yenye vyumba viwili vya uani ambavyo wakati huo walikaa kuku na magunia ya mahindi. Mama Neema, mke wangu, ndiye aliyesema: umewabebea wageni mizigo miaka yote hiyo, sasa waje walale hapa walipe. Tukahamisha kuku, tukapaka rangi, tukajenga choo cha ndani, tukaweka hita ya maji ya kuoga. Mdogo wangu akapiga picha na simu na kuziweka mtandaoni. Wiki ya tatu tukapata wageni wawili kutoka Uholanzi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja. Siku hizi watu wananisimamisha sokoni Kiboriloni kuniuliza nilivyofanya, hasa tangu habari za AFCON 2027 na uwanja mpya wa Arusha zianze kuwapa watu hamu ya kugeuza vyumba vya watoto walioolewa kuwa vya wageni. Nachoka kurudia, ndiyo maana naandika. Na mnaoanza kwa kuuliza "leseni shilingi ngapi?" mnaanzia mwisho.

Kwanza: nyumba ni ya nani?

Nilikwenda kuomba leseni ya biashara nikiwa na kitambulisho, TIN (namba ya mlipakodi) na furaha. Afisa akaniomba uthibitisho wa eneo la biashara, yaani hati kama nyumba ni yangu, au mkataba wa pango kama nimepanga. Nikatoa hati. Akaisoma, akaniangalia, akauliza huyu mwenye jina hili ni nani. Nikasema ni baba, alifariki 2016. Akasema, "Kijana, marehemu hawezi kukupangisha." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyumba nyingi za Moshi zina shida hii na watu hawaioni mpaka waingie ofisini. Baba alishaondoka, watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, aliyebaki anaishi humo na kila mtu anaona ni sawa. Ni sawa mpaka nyumba ianze kuingiza hela. Ilibidi tufungue mirathi: kikao cha familia, muhtasari wenye sahihi za wote, kisha Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, siku zikahesabiwa, ndipo kaka mkubwa akapewa barua ya usimamizi wa mirathi. Yeye kama msimamizi ndiye aliyenipa mkataba wa pango wa vile vyumba viwili. Ilichukua miezi saba, na miezi hiyo yote vyumba vilikaa vimefungwa, vitanda vipya vikiwa bado na nailoni.

Dada wa Mwanza aliuliza swali moja kwenye kikao: "Na mimi nitapata nini?" Wengine waliguna. Mimi naona lilikuwa swali halali kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Tukaandika kwamba kila Desemba, wakirudi wote nyumbani, natoa hesabu mezani, sehemu moja inakwenda kwenye bati na ukarabati, sehemu moja kwao. Ukiwa na ndugu, andikeni mapema, kabla hela haijaonekana.

Kama umepanga nyumba ya mtu na unataka kuweka wageni humo, mkataba wako uandikwe wazi kwamba mwenye nyumba amekubali hivyo. "Makazi ya familia" haitoshi. Mkataba huo unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Halafu kuna jambo linaloleta ugomvi: wewe sasa ni mfanyabiashara, kwa hiyo unapomlipa mwenye nyumba unatakiwa ukate asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio uipeleke TRA, mamlaka ya mapato. Pango likiwa 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anapokea 270,000, na 30,000 unaipeleka serikalini kwa niaba yake. Usimshtukize. Rafiki yangu wa Soweto, hapa Moshi, alimkatia mzee wake bila kumwambia, na mzee akadhani ameibiwa. Mwambie kabla hamjasaini, na cheti cha zuio umpe, maana kinamsaidia kwenye hesabu zake mwenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu nyumba. Kama unajenga vyumba vipya, omba kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi, na uwaulize watu wa mipango miji kuhusu matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, kwa sababu kupokea wageni vyumba viwili unakoishi ni tofauti na kugeuza kiwanja cha makazi kuwa gesti nzima. Mtaa wetu kuna ukuta wenye X nyekundu ya kubomolewa. Mwenye nao aliniambia alitaka "kuwahi msimu".

Pili: mtaa, na mpaka wa halmashauri

Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ni karatasi rahisi kuliko zote na watu wanaidharau. Nenda kwa mtendaji na mwenyekiti, waambie unataka kufanya nini, waje waone vyumba. Mimi niliwaalika, Mama Neema akapika mtori, ikaisha asubuhi moja. Faida yake utaiona baadaye: kila siku mgeni anaposhuka kwenye bodaboda na begi kubwa, jirani anaona. Akienda kuuliza mtaani na mwenyekiti akajibu "namjua, ana vibali", maneno yanaishia hapo.

Hakikisha pia uko halmashauri ipi. Rau ni Manispaa ya Moshi, haina utata. Lakini mtu wa Uru au Kibosho, hata kama anafanya kila kitu mjini na anasema "niko Moshi", ni wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Machame ni Hai. Arusha ndiyo yenye mitego zaidi: wa Ilboru hujiona yuko mjini kabisa lakini yuko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, si Jiji, na wa Usa River ni Meru. Leseni iliyotolewa na halmashauri isiyo yako haikusaidii kitu. Jirani ya shemeji yangu alipoteza siku nne namna hiyo.

TIN, na yale mazungumzo ya makadirio

Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hakuna mfumo utakaokufungukia, kwa hiyo kama bado unatembea na ile karatasi ya "kitambulisho kinatengenezwa", angalau namba uwe nayo. Kwa namba hiyo unajisajili TIN kwenye mfumo wa TRA, bure. Anayekuomba hela ya TIN nje ya geti ni dalali.

Wengi mnasema "TIN ninayo". Angalia ni ya nini. Niliyokuwa nayo ilikuwa isiyo ya biashara, niliyoipata wakati wa leseni ya udereva. Lazima ibadilishwe iwe ya biashara, iandikwe shughuli na mahali. Na msijidanganye kwamba hela za mtandaoni hazionekani. Mwaka 2025 TRA iliwataka wanaofanya biashara mtandaoni wajisajili, na wenye malazi ya muda mfupi walitajwa humo.

Kisha unakaa na afisa kukadiriwa kodi ya mwaka. Hapa ndipo pa kwenda umejiandaa. Mtu asiyejua biashara yetu anaweza kupiga hesabu ya haraka: vyumba viwili, siku 365, bei 45,000, ukakadiriwa kodi ya usiku ambao hajalala mtu. Mimi nilikwenda na daftari. Nikamwonyesha kwamba wapanda mlima wanakuja kwa wingi Juni mpaka Oktoba, na tena Desemba mpaka Februari. Masika yakianza Machi, njia za mlimani zinageuka tope, na mpaka Mei ninaweza kukaa wiki tatu sijaona mgeni. Nikahesabu usiku uliouzwa kweli kwa vyumba vyote viwili: 140. Mara 45,000 ni 6,300,000. Alikubali kwa sababu kila usiku ulikuwa na jina na tarehe.

Kodi hiyo inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu ya kwanza na ya pili zinakukuta huna hela, kwa hiyo weka akiba kutoka msimu wa Januari. Mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka, jiandae kwa mashine ya EFD ya kutolea risiti. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inaanzia milioni 200. Ukifika huko uajiri mhasibu, usinisome mimi.

Ukimaliza TRA unapata cheti cha kutodaiwa kodi. Kitunze, leseni inakihitaji.

BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni ya lazima kama unataka jina la biashara lisilo jina lako. Unajaza kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo, unapata cheti. Andaa majina matatu, maana kila lenye "Kilimanjaro" lina mwenyewe.

Leseni yenyewe na wakaguzi wake

Sasa ndipo leseni ya biashara. Inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI wa halmashauri: unaingia kwa namba ya NIDA, unaweka TIN, cheti cha kodi na mkataba au hati, unachagua aina ya biashara, mfumo unakutajia ada kabla hujalipa. Aina ni nyumba ya kulala wageni. Kuna watu wanachagua "upangishaji" wakidhani ni nafuu. Afisa biashara anapokuja na kukuta vitanda vimetandikwa, taulo zimekunjwa na sabuni ndogo juu yake, hawezi kuamini kwamba ni mpangaji wa mwaka.

Afisa afya alikuja kwangu saa nne asubuhi. Aliangalia choo, maji yanatoka wapi, neti za madirisha, pipa la taka, godoro kama lina mpira wa kulifunika. Akauliza nani anapika. Mama Neema na msaidizi wake walitakiwa wapimwe afya kama wahudumu wa chakula, nao wakapimwa. Akafungua friji akaona bia sita. Zilikuwa zangu, lakini aliniuliza kama nauza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu pombe ina leseni yake peke yake. Tangu siku ile bia zangu zinakaa chumbani kwangu.

Zimamoto nao wana cheti chao cha kila mwaka baada ya ukaguzi. Nilinunua mtungi wa kuzimia moto nikadhani nimemaliza. Mkaguzi akaniuliza, "Unautumiaje?" Nikababaika. Akanifundisha: chomoa pini, elekeza chini kwenye chanzo cha moto, minya, pepea huku na huku. Akaniamuru nitoe mtungi wa gesi jikoni niuweke nje kwenye kibanda chenye hewa, na nitundike karatasi ukutani yenye njia ya kutokea na namba 114. Sikupenda gharama ya kile kibanda, ila nakubali, mgeni aliyelala fofofo baada ya kushuka mlimani hatasikia hata mbwa wakibweka.

Halafu utalii. Malazi ya watalii yako chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na leseni yake inatolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Mitaani bado tunaiita TALA kwa mazoea ya zamani. Leseni ya halmashauri haichukui nafasi yake, na yenyewe haichukui nafasi ya ile ya halmashauri. Pamoja nayo inakuja tozo ya maendeleo ya utalii kwa kila usiku anaolala mgeni. Halmashauri nayo ina ushuru wa nyumba za kulala wageni, na ushuru wa huduma ambao ni chini ya shilingi moja kwa kila mia ya mauzo. Ziingize zote kwenye bei tangu mwanzo. Mgeni ukimwambia 45,000 halafu asubuhi unamwongezea tozo, atakuandika vibaya, na mimi ningemuunga mkono.

Kibao cha barabarani kina ada pia, kwa ukubwa wake. Cha kwangu ni kidogo kama sinia. Bodaboda wote wanapajua kwangu, kinatosha.

Daftari la wageni

Aliyewahi kulala gesti yoyote Tanzania analijua lile daftari: jina, kabila, umetoka wapi, unakwenda wapi, kazi, namba ya kitambulisho, sahihi. Mgeni mmoja wa Ujerumani alifika kwenye "kabila", akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike Mjerumani, akaandika Mbavaria.

Liandike kila usiku, hata mgeni akiingia saa nane za usiku amechoka. Kwa mgeni wa nje chukua namba ya pasipoti, uraia na tarehe aliyoingia nchini. Polisi wa kata na maafisa uhamiaji wana kawaida ya kupita, na kitu cha kwanza wanachokiomba ni hilo daftari. Moshi tuna wageni wa aina nyingine pia, wanaokuja kujitolea mashuleni na kwenye vituo vya watoto, wanakaa wiki sita au miezi mitatu. Hao viza ya utalii haiwaruhusu kufanya kazi, hata kama hawalipwi. Wanatakiwa wawe na kibali, kama kile cha ukaazi daraja C. Mimi namwuliza mgeni wa muda mrefu kabla sijapokea hela yake. Uhamiaji wakija kumtafuta wanamkuta kwangu, na maelezo natoa mimi.

Nakala za pasipoti usizirundike kwenye simu wala kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume yake. Mimi nakala zangu ziko kwenye faili ndani ya kabati lenye kufuli, na mwanangu Neema amekatazwa kulifungua.

Bei iandikwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Wageni wangu wenye dola nawaelekeza kwenye duka la kubadilishia fedha mjini, wanarudi na shilingi.

Na ukipata maelezo ya mtu wa Zanzibar kwenye video, mshukuru, umwache. Utalii kule wanausimamia wenyewe, na Kamisheni yao na mamlaka yao ya mapato. Kijana mmoja wa Pasua, hapa hapa Moshi, alijaza fomu ya huko akiwa Pasua.

Kila mwaka upya

Leseni ya biashara inakwisha baada ya miezi 12, cheti cha zimamoto vivyo hivyo, mtungi wa moto unahitaji kukaguliwa na fundi, na pango la ardhi lina mwaka wake. Kodi ya jengo peke yake ndiyo haikupi kazi, inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mama Neema ameandika tarehe zote kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, mwezi mmoja kabla ya kila moja kufika, kwa sababu TAUSI inaomba cheti kipya cha kodi na TRA wanaomba awamu ziwe zimelipwa. Desemba ina alama mbili. Moja ni ya awamu ya nne. Nyingine ni ya dada wa Mwanza.